Dili ya Kwanza na Kampuni: Mwongozo Kamili kwa Mtengeneza Maudhui Anayeanza

Mwaka wa kwanza wa ukurasa wangu wa mapishi niliamini kampuni huangalia idadi ya wafuasi na basi. Nilikuwa nao 3,200, nikajiwekea nadhiri kwamba nikifika 10,000 ndipo nitaanza kubisha hodi. Aliyenitoa kwenye imani hiyo ni mama mmoja anayeuza viungo sokoni Kisutu, hapa Dar es Salaam, ambaye hata akaunti ya Instagram hana. Nilikuwa mteja wake wa siku nyingi. Siku moja nikamwambia: mama, nitapika pilau kwa viungo vyako, nitaonyesha meza yako, na nitawaambia watu wakifika waseme "nimetoka kwa pilau". Wewe piga mstari mmoja kwenye daftari kila mtu akilitamka hilo. Hela hakunipa. Alinifungia iliki, mdalasini na bizari nyembamba za kutosha mwezi mzima.

Baada ya wiki mbili nilimkuta na daftari la shule, kafungua ukurasa wa nyuma kabisa, kapiga vijiti kwa kalamu ya bluu, vitano vitano. Ishirini na tatu. "Mwanangu, Jumamosi peke yake wamekuja tisa," akaniambia huku akihesabu tena kwa kidole. Nikaupiga picha ukurasa ule. Kampuni ya kwanza kunilipa fedha taslimu niliitumia picha hiyo, na katika kikao chetu chote waliuliza habari za daftari. Wafuasi hawakutajwa hata mara moja.

Yote nitakayoeleza hapa chini yanatoka kwenye tukio hilo. Mwenye biashara anataka kujua kitu kimoja: ukisema, watu wanakwenda kununua? Ukiwa na jibu lenye ushahidi, hata ukiwa na wafuasi 2,000, unaingia mlangoni. Bila ushahidi, utabaki unaomba.

Hatua ya 1: Ukurasa wako ueleweke kwa sekunde tano

Afisa masoko akifungua ukurasa wako hana muda wa kuchimba. Anasoma maelezo ya juu, anatazama posti tisa za mwanzo, anafungua moja au mbili, anasoma komenti. Kama maelezo yako yanasema "Mungu kwanza | ndoto kubwa | Dar", hajui unafanya nini. Andika unachofanya, kwa ajili ya nani, na uko wapi: "Mapishi ya pwani kwa jiko la familia. Video mbili kila wiki. Dar es Salaam." Weka na barua pepe ya kazi. Namba ya simu unayotumia na ndugu zako usiiweke hadharani. Laini ya pili ya WhatsApp Business inatosha.

Badilisha akaunti iwe ya kitaaluma ("professional"). Ni bure, na ndiyo inayokufungulia takwimu: wamefikiwa watu wangapi, wa umri gani, wa mji gani, posti ipi ilihifadhiwa na kusambazwa zaidi. Fanya hivyo leo, maana huwezi kupata takwimu nzuri za miezi ambayo akaunti ilikuwa ya kawaida.

Wafuasi wa kununua achana nao. Yeyote aliyezoea kazi hii anaona wafuasi 40,000 na laiki 60, anafunga ukurasa.

Hatua ya 2: Tengeneza ushahidi kabla hujalipwa

Hapa ndipo nawaona wengi wanaruka, nami naomba usiruke. Chagua bidhaa tatu ambazo tayari unazitumia kwako, ulizozinunua kwa hela yako. Kila moja itengenezee video kama vile umelipwa: onyesha tatizo, onyesha bidhaa inavyofanya kazi, taja bei na mahali inapopatikana. Usidanganye kwamba ni tangazo. Sema wazi umenunua mwenyewe.

Kisha kaa na komenti. Kwetu huku komenti yenye thamani kuliko zote ina neno moja: "Bei?" Inafuatiwa na "napata wapi?" na "Arusha mnatuma?" Piga skrinshoti kila moja na uziweke kwenye folda ya simu yenye jina la bidhaa. Siku utakapoiandikia kampuni ile, utawapelekea wateja wao wenyewe wakiuliza bei kwenye ukurasa wako.

Njia nyingine ni ile ya mama wa Kisutu. Tafuta biashara ndogo ya karibu ambayo unaijua na unaiamini: fundi cherehani, duka la vipodozi, mgahawa, muuza mitumba wa daraja la kwanza. Kubalianeni neno la kutamka au punguzo dogo kwa atakayetaja jina lako, na mtu wa kuhesabu. Kwa kazi ya namna hii kupokea bidhaa badala ya fedha ni sawa kabisa, alimradi uweke kikomo. Mimi nilijiwekea kazi tatu tu za bidhaa, nikafunga mlango huo. Asiyeweka kikomo hujikuta mwaka wa pili bado analipwa kwa sabuni na mafuta ya kupaka.

Hatua ya 3: Wasifu wa kurasa mbili

Tengeneza faili moja la PDF. Canva ya bure, programu ya kupanga picha na maandishi, inatosha. Ukurasa wa kwanza: jina, picha yako moja safi, sentensi mbili za unachofanya, na takwimu za siku 30 zilizopita. Ukurasa wa pili: kazi tatu ulizofanya na matokeo yake, ikiwemo picha ya daftari kama unayo.

Kwenye takwimu, tanguliza watu unaowafikia na posti zinazohifadhiwa. Anayehifadhi video ya maandazi ana nia ya kukanda unga. Taja pia miji: kama nusu ya watazamaji wako wako Mwanza, kampuni inayosambaza Kanda ya Ziwa itakuona wa maana kuliko staa wa Dar. Takwimu zikipanda au zikishuka, badilisha faili kila mwezi. Tarehe iandikwe.

Bei usiiweke humo. Bei inategemea kazi, tutafika.

Hatua ya 4: Wa kumwandikia

Kampuni kubwa za simu na benki mara nyingi hupitishia kazi zao kwa mawakala wa matangazo, na mawakala wana orodha zao. Utafika huko. Anayeanza ana nafasi kubwa zaidi kwa wazalishaji wa kati na wadogo: wasaga unga wa lishe, watengeneza asali, mafuta ya nazi, sabuni, vikapu, nguo za watoto. Wengi wana bidhaa nzuri na picha mbaya, na kwenye mazungumzo unakutana na mwenye mali mwenyewe.

Wapatikane wapi? Geuza pakiti. Nyuma ya karibu kila bidhaa ya hapa nyumbani kuna namba ya simu. Piga, salimia, omba kuzungumza na anayehusika na masoko. Nimepata kazi nyingi zaidi kwa kugeuza pakiti kuliko kwa inboksi ya Instagram.

Halafu kuna Sabasaba. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa yanafanyika pale Barabara ya Kilwa kila mwaka, mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, na wazalishaji wadogo, wakiwemo wa chini ya mwavuli wa SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, husimama wenyewe kwenye meza zao. Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla umati haujajaa. Onja, nunua kitu kidogo, rekodi sekunde ishirini kwa ruhusa ya mwenyewe, mrushie video hiyo kwenye WhatsApp jioni ileile. Anayekaa mikoani ana Nanenane mwezi Agosti.

Angalia na kalenda. Kama unataka kazi ya Ramadhani, ombi lifike wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Ukiandika tambi na tende zikiwa tayari barazani, bajeti imeshagawanywa. Vivyo hivyo Januari ya shule na Desemba ya sikukuu.

Hatua ya 5: Ujumbe wenyewe

Ujumbe mrefu hausomwi. Huu ndio ninaoutumia, na unaruhusiwa kuuchukua na kuugeuza:

"Habari za kazi. Naitwa ..., natengeneza video za mapishi ya pwani kwenye Instagram na TikTok. Unga wenu wa muhogo nautumia nyumbani tangu mwaka jana. Mwezi uliopita niliupikia bada kwenye video, na watu 31 wakauliza bei au mahali unapopatikana, nimeambatisha skrinshoti. Ningependa tufanye pamoja video mbili za kuwaonyesha mama wenye watoto wadogo namna ya kuutumia asubuhi. Naomba dakika kumi za simu wiki hii. Jumatano au Alhamisi, ipi inawafaa? Asante."

Hakuna "natumaini mtanifikiria", hakuna kusifia kampuni mistari mitano. Kuna wazo, ushahidi na swali la siku. Wasipojibu, kumbushia baada ya wiki moja kwa sentensi mbili. Wakikaa kimya tena, acha miezi mitatu, rudi na ushahidi mpya. Weka orodha kwenye daftari au Excel: nani, lini, alisema nini. Katika barua kumi, kujibiwa mbili ni jambo la kawaida, na ukimya wa wengine nane haukusemi wewe.

Wakija wao kwako, furahi, halafu chunguza. Anayekuomba "ada ya usajili wa ubalozi", anayekutaka ununue bidhaa kwanza, anayekutumia kiungo cha kuingia kwenye akaunti yako au kukuomba namba ya siri iliyoingia kwa SMS, huyo ni tapeli, hata nembo aliyoweka iwe ya kampuni unayoijua. Kampuni halisi inakulipa wewe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kabla hujaendelea kusoma.

Hatua ya 6: Bei

Hili nimelilia machozi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Anayeanza huulizwa "bei yako ngapi?" akataja namba ya kwanza inayokuja, kwa hofu. Mimi nilitaja shilingi 30,000 kwa video moja. Nilipokaa kupiga hesabu usiku, nyama na mchele peke yake vilikuwa vimekula karibu yote.

Hesabu hivi. Chukua video moja ya pilau ya dakika moja. Nyama, mchele na mahitaji mengine: 28,000. Gesi: 4,000. Bodaboda ya kwenda sokoni na kurudi: 6,000. Bando la kupandisha na kutumiana marekebisho: 5,000. Jumla 43,000. Sasa saa zako: kupanga na kuandika mtiririko saa 2, kupika na kurekodi saa 4, kuhariri saa 4, kujibu komenti siku mbili za mwanzo saa 2. Saa 12. Ukijilipa 5,000 kwa saa, ni 60,000. Gharama ya kazi ni 103,000.

Hiyo ndiyo sakafu. Chini yake unalipia wewe kumfanyia mtu kazi. Nikiwa na sakafu ya 103,000, bei yangu ya mwisho kabisa ni 110,000, na ninayotaja ni 160,000, kwa sababu kwetu lazima watu wapatane bei na si kosa. Wakisema bajeti yao ni 80,000, sikatai na sishushi bei ya kazi ileile. Napunguza kazi: badala ya video, nawapa picha tatu na stori nne. Maneno yangu ni: "Kwa bajeti hiyo naweza kuwafanyia hivi." Jaribu, yanafanya kazi.

Na kodi. Kampuni inayofuata utaratibu hapa Tanzania itakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yako ya huduma. Ukitaka mkononi ibaki 110,000, gawanya kwa 0.95: ankara iandikwe 116,000 hivi. Dai cheti cha kodi ya zuio, kwa sababu ndicho kitakachoionyesha TRA, mamlaka ya mapato, kwamba kiasi hicho kimeshakatwa. Kwa wasomaji wa Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 nayo iliweka asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali, kuanzia Julai mwaka huo, kwa hiyo hesabu ni ileile.

Juu ya bei ya kazi kuna vitu viwili vinavyouzwa peke yake. Cha kwanza ni haki ya kuitumia video yako kwenye matangazo yao ya kulipia, mabango au televisheni. Cha pili ni kukuzuia usifanye kazi na mshindani. Mimi naongeza nusu ya bei kwa miezi mitatu ya matumizi. Kuhusu kuzuiwa, nauliza mwezi mmoja wa kuzuiwa utanikosesha nini: kampuni ya unga ikinizuia unga tu, sawa, ikinizuia "vyakula vyote", imeninunua mimi mzima, na bei inabadilika.

Hatua ya 7: Makubaliano kwa maandishi

Kampuni moja ya vyombo vya jikoni iliwahi kunipa kazi kwa maneno ya simu. Nilipeleka video, wakalipa baada ya miezi minne, na mwaka uliofuata nilijiona kwenye tangazo lao nikikaanga samaki, bila mtu kuniuliza. Sikuwa na karatasi hata moja ya kushika.

Kwa kazi ndogo, barua pepe moja ambayo wao wamejibu "tumekubali" inatosha kuanzia. Iseme haya: video ngapi na za urefu gani, zitapandishwa wapi na tarehe gani, nani anaidhinisha na ndani ya siku ngapi, marekebisho mangapi ni bure (mimi natoa mawili), malipo kiasi gani na lini, wataitumia wapi na kwa muda gani. Neno "milele" au "haki zote" ukiliona, simama. Liombe liwe miezi mitatu au sita.

Malipo gawa mara mbili: nusu kabla hujawasha kamera, nusu baada ya kupandisha. Mwenye duka dogo atakutumia kwa simu papo hapo. Kampuni itahitaji ankara yenye jina, TIN (namba ya mlipakodi), namba ya akaunti na maelezo ya kazi. TIN ni bure na inaombwa mtandaoni kwa namba ya NIDA. Iombe sasa, usisubiri siku unayoihitaji. Kazi zikizidi, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Na kama ukurasa wako unagusa habari na matukio ya nchi, pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza ujue masharti ya leseni.

Hatua ya 8: Unachotangaza kinaingia mwilini mwa watu

Vyakula na vipodozi nchini vinasimamiwa na TBS. Dawa na vifaa tiba ni TMDA. Kabla hujapokea krimu, chai ya kupunguza tumbo au matone ya nguvu, omba uthibitisho wa usajili na uukague mwenyewe. Kuna krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki na haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku, na zinatafuta sura za watu wanaoaminika ili ziuzike. Binti wa miaka kumi na saba anayekuamini ataipaka usoni. Kazi hizo nimezikataa zote, pamoja na ile iliyotaja fedha ambayo sijawahi kulipwa na yeyote.

Ukilipwa, sema umelipwa. Instagram na TikTok zote zina sehemu ya kuweka alama ya ushirikiano wa kulipwa, iwashe. Kisha tamka kwa Kiswahili mwanzoni mwa video: "Hili ni tangazo, nimelipwa na..." Hofu kwamba watu watakimbia sijaiona ikitimia kwangu. Wanaokasirika ni wale wanaogundua baadaye.

Ukipewa bidhaa na isikupendeze, rudisha na useme sababu kwa faragha. Weka haki hiyo kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Hatua ya 9: Siku ya kazi, na wiki mbili baada yake

Rekodi mchana karibu na dirisha. Mwanga huo unatosha, ringi laiti utanunua baadaye. Sauti ndiyo ya kuigharamia mapema: maiki ndogo ya kubana kwenye kola inaondoa kelele za feni na bodaboda. Bidhaa ionekane ndani ya sekunde tano za kwanza, lakini mkononi mwako ikifanya kazi, isiwekwe mezani kama ya maonyesho.

Siku ya kupandisha usiondoke. Jibu kila "Bei?" kwa bei kamili na mahali, hata mara ya arobaini. Wanaosema "cheki inboksi" wanapoteza mteja na kuudhi watu.

Siku ya saba piga skrinshoti za takwimu, siku ya kumi na nne tena. Andika ripoti ya ukurasa mmoja hata kama hawajaiomba: waliofikiwa, waliohifadhi, walioulizia bei, maswali yaliyojirudia. Sehemu ya maswali ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Niliwahi kuiandikia kampuni ya unga kwamba watu kumi na wawili wameulizia pakiti ya nusu kilo, wao wakiwa wanauza kilo mbili tu. Jambo ambalo halikwenda vizuri liseme pia, na ueleze utakavyolirekebisha.

Ripoti hiyo iambatanishe na ankara ya nusu iliyobaki. Siku tatu baadaye piga simu, usitume ujumbe, uulize upande wao wameona nini dukani. Wakikutajia namba ya mauzo, omba ruhusa ya kuiandika kwenye wasifu wako. Halafu, kabla hamjaagana, wape wazo la video inayofuata likiwa na tarehe.